Leseni imefungiwa: kusubiri, kukata rufaa au kumpa deiwaka gari?

Dereva akifungiwa leseni, swali linalozunguka stendi ya Kange, Tanga, ni moja: kuifungua ni shilingi ngapi? Jibu lake ni fupi, tena linapotosha. Ada ya leseni ni Sh 70,000 kwa miaka 5, tangu ilipopanda mwaka 2019 kutoka Sh 40,000 ya miaka 3. Dereva wa Kosta anayebakiwa na Sh 25,000 kwa siku anapoteza kiasi hicho kabla siku yake ya tatu ya kukaa nyumbani haijaisha. Kinachokula fedha ni siku, na uamuzi mwingi mbovu hutokana na mtu kuhesabu ada akasahau siku.

Hapa tunapima njia tatu halali alizonazo dereva wa Tanga mjini, Muheza, Korogwe au Pangani: kusubiri muda uishe, kukata rufaa na, kwa mwenye gari lake, kumkabidhi usukani deiwaka, yaani dereva wa kutwa. Ya vishoka, madalali wa mlango wa nyuma, nayo tutaitaja, kwa sababu watu wanaiuliza na wanastahili kujua bei yake kamili.

Kwanza hakikisha imefungiwa kweli

Madereva husema "leseni imefungwa" wakimaanisha mambo tofauti kabisa, na kila moja lina mlango wake.

Kuna anayedaiwa tu. Aliandikiwa kosa na trafiki, akaondoka bila kulipa, deni likabaki kwenye mfumo wa polisi likimngoja siku ya kuhuisha leseni. Huyu hajafungiwa. Afungue tms.tpf.go.tz, atafute kwa namba ya gari na pia kwa namba ya leseni, maana anayebadilisha magari anaweza kuwa na kosa kwenye gari ambalo halishiki tena. Faini ya papo hapo ni Sh 30,000 kwa kila kosa, na kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi Sh 10,000 katika bajeti ya 2021/22. Deni likicheleweshwa huongezeka, kwa hiyo lipa leo kuliko wiki ijayo. Karatasi inayotoka kwenye mashine ya trafiki ipige picha siku hiyo hiyo. Ni karatasi ya joto: ukiiacha kwenye dashibodi juani, maandishi yanafifia mpaka inabaki nyeupe, na huna tena cha kuonyesha kosa lilikuwa lipi.

Kuna ambaye leseni yake imeisha muda. Huyo anahuisha kwa Sh 70,000, basi.

Kuna aliyeondolewa daraja. Hutokea dereva wa basi akaondolewa C (magari ya abiria) au E (ya mizigo) akaachiwa D (magari binafsi). Gari dogo la nyumbani anaendesha, lakini Kosta na Fuso hagusi. Kurudi C ni kupitia mafunzo ya madereva wa magari ya abiria, kama yanayotolewa na vyuo vya VETA (ufundi stadi) na NIT (usafirishaji), na kupimwa upya. Huyu asingoje tarehe yoyote ifike. Aanze kuulizia nafasi ya kozi mara moja, kwa sababu kusubiri peke yake hakumrudishii daraja.

Halafu yuko aliyefungiwa hasa, na aliyefutiwa. Kufungiwa kuna tarehe ya mwisho. Kufutiwa ni jambo jingine: leseni ile haifufuki, na muda wa katazo ukiisha unaanza upya kama mwanafunzi.

Dereva wa gari la biashara ana mlango wa ziada. Sheria ya LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini) ya mwaka 2019 iliipa mamlaka hiyo kazi ya kuthibitisha madereva wa vyombo vya usafiri wa kibiashara, kwa hiyo leseni inaweza kuwa safi polisi na TRA (Mamlaka ya Mapato), na LATRA bado ikawa na neno nawe. Uliza kote kabla ya kumwambia tajiri, yaani mwenye gari, kwamba umerudi.

Chochote kilichokupata, ondoka na karatasi. Iwe na jina la aliyeamua (mahakama, mkuu wa usalama barabarani wa mkoa au LATRA), sababu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Tarehe ya kuanza ndiyo inayosahauliwa. Hukumu ya "miezi sita" ikisomwa tarehe 4 na kadi ya leseni ikakabidhiwa tarehe 20, tayari una ugomvi wa siku 16. Kwa dereva wa Sh 25,000, siku hizo zikiwa zote za kazi ni Sh 400,000 zinazoning'inia kwenye mstari mmoja ambao karani angeuandika kwa dakika mbili.

Kusubiri

Hii ndiyo njia inayoonekana ya bure, nayo siyo. Tumia mfano wa Sh 25,000 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani Sh 625,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni Sh 1,875,000, karibu mara 27 ya ada ya leseni. Mwaka mzima ni Sh 7,500,000. Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi, lakini weka kile kinachobaki mkononi baada ya hesabu ya tajiri, mafuta na konda. Mauzo ya siku nzima hayahusiki hapa.

Sasa toa unachoweza kupata kwa kazi nyingine. Ukipata Sh 8,000 kwa siku kwa kupakia mizigo au kukatisha tiketi, hiyo ni Sh 200,000 kwa mwezi, na hasara yako halisi inashuka hadi Sh 425,000 kwa mwezi: Sh 1,275,000 kwa miezi mitatu, Sh 5,100,000 kwa mwaka. Zishike namba hizi mbili za mwisho, ndizo zitakazoamua kama rufaa ina maana.

Kwa dereva wa kuajiriwa, tuseme wa malori ya saruji au ya bandarini, kusubiri kunaweza kuwa nafuu kuliko anavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Kama hujaitumia, iombe ianze siku ile ile ya kufungiwa: karibu theluthi ya miezi mitatu inalipwa. Miezi iliyobaki omba kwa maandishi kazi isiyo ya usukani, kama ghala, usimamizi wa upakiaji au ukaguzi wa magari kabla ya safari. Mwajiri halazimiki kukubali kila ombi, ila kukufukuza anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu. Ukiachishwa kienyeji, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu CMA F1. Wengi hufika siku ya 40 baada ya kuzunguka kwa wazee na viongozi wa stendi. Hapo wanalazimika kuomba kuongezewa muda kabla shauri lenyewe halijaguswa.

Mwendesha bodaboda ya mkataba, anayelipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake, ana hatari ya aina yake. Pesa ya mkataba inadaiwa kila siku, leseni iwe wazi au imefungiwa. Ukinyamaza wiki mbili, mwenye pikipiki anaichukua, na miezi yote uliyokwisha lipa inapotea. Mfuate siku ya kwanza. Ama mkubaliane kwa maandishi kusimamisha mkataba, ama umtafute kijana mwenye daraja A, la pikipiki, aiendeshe na kulipa mkataba kwa jina lako. Hata akikubakizia Sh 2,000 tu kwa siku, ameokoa pikipiki.

Rufaa

Rufaa inahusu amri ya mahakama. Kama amri imetoka kwa polisi au LATRA, anza kwa barua ya malalamiko kwa aliyeitoa na ngazi ya juu yake, na uwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa kesi iliyoamuliwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Tanga mjini, kwa hiyo mtu wa Lushoto au Handeni hana haja ya kwenda Dar. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka mihula miwili inayokimbia pamoja. Ndani ya siku 10 tangu hukumu unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Ndani ya siku 45 unawasilisha rufaa yenyewe, ila siku zilizotumika kupata nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala iandikwe siku ile ile hukumu inaposomwa, na nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba uchelewaji haukuwa wako.

Taarifa ya kusudio ni karatasi fupi isiyohitaji hoja. Hata kama hujaamua, itoe. Ukishaikosa siku ya 10, kila kitu kinachofuata kinahitaji maombi ya kuongezewa muda, yaani wakili zaidi, nauli zaidi na siku zaidi.

Kuna jambo linalowaumiza madereva kuliko yote. Ukisomewa shitaka ukakiri ili "yaishe upesi", umejifungia sehemu kubwa ya rufaa. Aliyekiri kosa kwa kawaida hawezi kupinga kutiwa hatiani, anaweza kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Mwanya uliopo ni pale ambapo kukiri kwenyewe kulikuwa na utata: hukuelewa shitaka, au maelezo uliyoyakubali hayaundi kosa hilo. Mwendo huwa ni ule ule: mtu anaambiwa na mwenzake kwenye benchi "kubali tu, ni faini," anakubali, hakimu anataja faini, kisha anaendelea kusoma muda wa kufungiwa leseni. Kabla ya kujibu, uliza waziwazi kama kosa hilo linaweza kugusa leseni. Kama hujaelewa, mwambie hakimu hujaelewa, nayo yataandikwa.

Kuwasilisha rufaa hakukurudishii usukani. Amri inabaki mpaka mahakama iisimamishe au iifute, kwa hiyo usimamishwaji uombwe mahsusi.

Sasa ilinganishe na kusubiri. Tuseme wakili amekutajia Sh 800,000, nauli na nakala Sh 100,000, na siku za kuhudhuria zimekula Sh 100,000. Jumla Sh 1,000,000. Kwa kufungiwa miezi mitatu hasara yako yote ni Sh 1,275,000, na rufaa inaweza kusikilizwa muda ukiwa umekwisha au umebaki kidogo. Hapo rufaa haina faida ya fedha, labda kama hukumu yenyewe itakuharibia kazi baadaye. Kwa kufungiwa mwaka hasara ni Sh 5,100,000, na ukishinda mwezi wa nne umeokoa miezi minane, Sh 3,400,000, kwa gharama ya milioni moja. Hapo inafaa, ikiwa hukukiri na una hoja ya kweli. Kwa leseni iliyofutwa na dereva anayetegemea usukani, sisi tungekata rufaa bila kusita. Katikati, miezi sita hivi, angalia nguvu ya hoja kwanza na fedha baadaye.

Asiye na uwezo wa wakili asikae. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure, na hata wasipokuwakilisha mahakamani wanaweza kukuandikia taarifa ya kusudio na barua ya kuomba nakala. Karatasi hizo mbili ndizo zenye haraka.

Gari ni lako: deiwaka au liegeshwe?

Mwenye Noah au Kosta yake huwa na hasira siku za kwanza, analifungia gari uani. Ni njia ghali kuliko zote. Bima inaendelea kuisha, leseni ya usafirishaji ya LATRA inaendelea kuisha, kodi ya mapato ya awamu ina tarehe zake, na marejesho ya mkopo hayajui habari ya hakimu.

Fanya hesabu. Gari likibakiza Sh 60,000 kwa siku baada ya mafuta na konda, wewe mwenyewe ukiendesha unapata Sh 1,500,000 kwa siku 25. Deiwaka akichukua Sh 20,000, unabaki na Sh 1,000,000. Umepoteza Sh 500,000 kwa mwezi. Ukiegesha umepoteza milioni moja na nusu, na juu yake madeni yote niliyotaja. Ukishika ukonda wewe mwenyewe, malipo ya konda yanarudi mfukoni mwako na gari linabaki machoni pako. Konda hahitaji leseni ya udereva, ila wahudumu nao wako chini ya usajili wa LATRA, kwa hiyo kamilisha usajili kwanza.

Hasara ya njia hii iko kwenye gari. Mtu wa siku chache hasikilizi mlio wa beringi kama mwenye mali, wala hapunguzi mwendo kwenye matuta ya Pongwe kwa kuihurumia springi. Tenga fedha ya matengenezo kuliko ulivyozoea. Kabla hujampa funguo shika kadi yake mkononi: tarehe ya kuisha, madaraja, na kama jina ni lake. Mwenye D akikamatwa na abiria kwenye Kosta yako, tatizo ni lenu wawili. Andikianeni pia kwamba faini za mwendo na za kuzidisha abiria ni zake, na kila jioni itazame namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz. Faini inayokaa kwenye gari hatimaye inamfuata mwenye gari.

Kishoka, na kuendesha kimya kimya

Kishoka huahidi ama kadi mpya, ama "kufutwa kwenye kompyuta". Kadi ya kughushi inaonekana vizuri mpaka trafiki aingize namba yake kwenye mashine. Kuanzia hapo kosa lako si la barabarani tena. Kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Fedha uliyompa huwezi kuidai popote. Akijitokeza mtu wa ofisini anataka chochote ili akurudishie kadi, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, bila malipo.

Kuendesha hivyo hivyo, alfajiri, njia za pembeni za Amboni au Mabokweni, kunahesabiwa na wengi kama kuchezea faini tu. Tazama bima. Mikataba mingi ya bima ya magari inamkubali dereva mwenye leseni, *au* aliyewahi kuwa nayo na hajazuiwa kuendesha. Yasome tena maneno ya mwisho. Ambaye leseni yake iliisha muda juzi bado ana la kujitetea mbele ya bima. Aliyefungiwa hana, kwa sababu amezuiwa. Ukimgonga mtu wakati huo, bima inaweza kukataa kulipia gari lako, na inacholipa kwa majeruhi inaweza kukudai wewe. Gharama ya mguu uliovunjika, hospitali ya Bombo na baada ya Bombo, haiwezi kulinganishwa na miezi mitatu ya kupakia mizigo.

Bili ya siku ya kurudi

Kadi ikiwa bado na muda, unachodai ni irudishwe na zuio liondolewe kwenye mfumo. Nenda na amri yenye tarehe, stakabadhi za faini zote na kitambulisho cha taifa. Mtu akikutajia ada yoyote, omba namba ya malipo ya serikali. Ina tarakimu 12 na huanza na 99, unalipa mwenyewe kwa simu au benki, na ujumbe wa malipo unataja taasisi inayolipwa. Kinachoombwa bila namba hiyo usilipe.

Kadi ikiwa imeisha muda ukiwa umefungiwa, ongeza Sh 70,000, kwa kuwa tarehe iliyochapwa haisogei kukungoja. Itazame tarehe hiyo wiki ya kwanza ya kufungiwa, ili fedha iwepo.

Aliyefutiwa, muda wa katazo ukiisha, analipa leseni ya kujifunzia Sh 10,000 ya miezi mitatu, jaribio Sh 3,000 na leseni Sh 70,000: jumla Sh 83,000, kabla ya shule ya udereva, ambayo ndiyo itakayozidi zote. Ulizia bei za shule tatu na uombe ziandikwe zinajumuisha saa ngapi za barabarani. Shule ya bei ndogo yenye saa chache hukurudisha kwenye jaribio mara ya pili.

Usiingie barabarani siku unayopokea kadi. Mwombe ofisa aliyekukabidhi aingize namba yako mbele yako na aone kama zuio limetoka. Kadi inaweza kuwa mkononi huku mfumo bado unasema umefungiwa, na wa kwanza kuligundua asiwe trafiki wa Segera, saa mbili usiku, ukiwa na abiria.